Waongozao Chuo cha Muziki Pwani ya Unguja

Mtu ashukaye chomboni katika bandari ya Unguja, akaishika njia ya Mizingani kwenda upande wa Forodhani, ana mengi ya kumchukua macho. Kwanza ni Zahanati ya Zamani, yenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Kisha ni Mti Mkubwa, ambao kivuli chake kiliwafaa sana mafundi wa vyombo vya baharini. Mbele zaidi ni jumba walimokaa masultani. Kati ya mti ule na jumba lile lipo jengo la ghorofa lielekealo bahari, nalo huitwa Forodha ya Zamani, maana humo makarani walikuwa wakihesabu mizigo na kutoza ushuru. Lakini katika miaka iliyofuata mwaka 2002, mpita njia aliyesimama chini ya madirisha yake hakusikia tena sauti ya mtu asomaye hesabu ya magunia. Alisikia fidla zikilinganishwa nyuzi, na mtoto akirudia kipande kile kile mara ya kumi, na mwalimu akimwambia aanze tena.

Hicho ndicho Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, nacho ni cha kwanza cha namna yake katika visiwa vya Unguja na Pemba. Jina lake halikuchaguliwa ovyo. Nchi za jahazi ni zile zote ambazo zamani zilifikiwa kwa pepo mbili, kaskazi na kusi: pwani ya Afrika ya Mashariki, Visiwa vya Ngazija, Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Vyombo vilileta tende na mazulia, vikarudi na boriti na karafuu. Pamoja na shehena hizo zilisafiri ala za muziki na nyimbo, ambazo mtoza ushuru hakuwa na njia ya kuzitoza.

Watu husifu wapigaji. Tarabu ikipigwa vizuri, aliyeshika fidla hutuzwa, na mwimbaji huitwa arudie. Ni mara chache mtu kuuliza ni nani aliyefungua mlango wa darasa asubuhi, ni nani aliyeandika barua ya kuomba nyuzi mpya, au ni nani aliyemshawishi mzee fulani akubali kukaa mbele ya vijana na kuwapa alichokusanya kwa miaka 40. Kazi hiyo ina watu wake, na bila wao hakuna chuo.

Zamani Watu Walijifunzaje?

Ugumu wa kazi yao hauonekani mpaka ijulikane jinsi muziki ulivyokuwa ukifundishwa kabla yake. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka mwaka 1870 hata mwaka 1888, alipendezwa mno na muziki wa Misri, akampeleka Kairo kijana mmoja aitwaye Mohamed Ibrahim ili akajifunze kupiga ganuni. Kijana yule aliporudi aliwafundisha wengine, na toka jumba la mfalme tarabu ilishuka taratibu mpaka mitaani. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na mwaka 1958 kikaundwa kile ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Culture Musical Club. Vyama hivi viwili ndivyo vilivyoilea tarabu ya Unguja kwa muda mrefu.

Chamani hapakuwa na ubao wala daftari. Kijana aliyetamani kupiga udi alikwenda jioni, akakaa nyuma, akasikiliza. Alitumwa maji, akabeba ala, akawasha taa. Siku moja mpigaji mmoja hakutokea, naye akaambiwa ashike ala ile ajaribu. Akikosea alitazamwa tu. Akipata hakusifiwa sana, asije akajiona. Njia hii ilitoa mafundi wakubwa, wala haifai kudharauliwa. Sikio lililofunzwa hivyo halisahau. Lakini lilikuwa ni jambo la miaka mingi, tena lilimfaa yule tu aliyekuwa na ndugu au jirani chamani, na aliyekuwa mwanamume. Mtoto wa shamba, mathalani wa Makunduchi au wa Nungwi, angefikaje kila jioni mjini? Na binti angekaa wapi?

Tena palikuwa na mafundi waliokuwa wachoyo wa elimu yao. Jambo hili lisemwe wazi, maana hupatikana katika kila kazi ya mikono, kwa mhunzi kama kwa mganga. Fundi alihofu kwamba mwanafunzi akijua yote, mlo wake utakwenda kwa kijana. Kwa hiyo alitoa tisa akaficha la kumi, akazikwa nalo.

Katika miaka ya 1990 likaja jambo jingine. Kinanda cha umeme kilienea, na tarabu mpya ya kurusha roho ikawachukua vijana. Kinanda kimoja kilitoa sauti iliyofanana kidogo na fidla, nai, akodiani na ngoma pamoja. Mwenye arusi aliyekuwa akilisha na kulipa watu 20 au zaidi akaona sasa watamtosha watu watano. Haifai kumlaumu mwenye arusi. Kila mtu huangalia mfuko wake. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa dhahiri. Wazee waliojua kupiga ganuni wakawa wachache, na vijana wa kuwarithi wakawa wachache zaidi. Ganuni si ala ya kujifunza kwa majuma mawili. Ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu, na kuzilinganisha peke yake ni kazi ya kumchosha mtu asiye na subira.

Hali ilikuwa hivyo Bibi Hildegard Kiel, mwanamke wa Kijerumani aliyekaa Unguja, alipokutana na wapenzi wengine wa muziki wakakata shauri kwamba chuo kianzishwe. Naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Mgeni na Wenyeji

Shule iliyoanzishwa na mgeni huzaa maswali yake yenyewe. Je, itafundisha mambo ya kwetu au ya kwao? Na fedha za wafadhili zikikoma, itabaki ya nani? Tena kwa nini mzazi amlipie mtoto ada ili ajifunze lile ambalo babu yake alilipata bure barazani? Maswali haya ni ya haki, wala hayakuweza kujibiwa kwa hotuba.

Yalijibiwa kwa kuwachagua walimu. Waanzilishi hawakuagiza shehena ya walimu kutoka Ulaya. Waliwaendea wapigaji wa vyama, watu waliojulikana mjini, ambao mzazi akimpeleka mwanawe kwao anajua anampeleka kwa mtoto wa nani. Mmoja wao ni Bwana Mohamed Issa Matona. Baba yake, Issa Matona, alikuwa mwimbaji na mpiga fidla ambaye jina lake lilijulikana pwani nzima, hata Mombasa na Lamu. Mwana naye akawa fundi wa fidla na udi, akafundisha chuoni toka siku zake za mwanzo, na baadaye akashika uongozi wa upande wa sanaa. Mwingine ni Bwana Rajab Suleiman, mpiga ganuni wa Culture Musical Club, ambaye wasikilizaji wa nchi za mbali wamepata kumsikia katika sahani alizotia muziki.

Kumleta fundi wa namna hii darasani si jambo dogo. Mtu anayejua kupiga hajui kwa sababu hiyo kufundisha. Akiulizwa na mwanafunzi, "Kidole hiki nakiweka wapi?" jawabu lake la kwanza ni kukiweka kidole chake mwenyewe na kusema, "Hapa." Lakini mwanafunzi ana mkono mfupi, na akirudi nyumbani "hapa" imempotea. Mwalimu hana budi kuivunja kazi yake vipande vipande, akipange kipande cha leo na cha kesho, aandike alichofundisha, na atie alama. Mpigaji ambaye miaka yote hakuwa na saa ila saa ya arusi sasa atakiwa afike saa tatu asubuhi. Yeyote aliyepata kuendesha chama cha ushirika, akajaribu kuwafanya wakulima wazee waliojua shamba kwa macho waandike vipimo katika kitabu, atafahamu mara moja.

Msomaji wa Kenya labda atakumbuka mashindano ya muziki ya kila mwaka, yaliyoanza mwaka 1927, ambayo yamewafanya watoto wengi wa shule kusimama jukwaani. Mashindano hayo ni mema. Lakini kwaya hufunzwa nyimbo chache kwa miezi michache, mwamuzi hutoa alama, na mambo hulala mpaka mwaka unaofuata. Chuo cha muziki hakina siku hiyo ya alama. Kazi yake ni Jumatatu isiyo na mtazamaji.

Sauti Iliyo Katikati

Jambo gumu kuliko yote waliyopambana nayo waongozi wa masomo ni lile la elimu yenyewe. Je, wanafunzi wafundishwe kusoma muziki ulioandikwa, au wafundishwe kwa sikio kama wazee wao?

Asiyepiga ala ataona kwamba swali hili ni dogo. Si dogo. Muziki wa Kizungu, ambao maandishi yake ndiyo yaliyoenea duniani, umepangwa kama ngazi yenye vipago vilivyopigiliwa misumari. Piano ni ngazi ya namna hiyo: kila kipago kipo mahali pake, na kati ya vipago viwili vinavyofuatana hakuna pa kukanyaga. Udi ni kama mnazi usiochongwa vidato. Una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa sauti nzito, na shingo yake ni laini toka mwanzo hata mwisho. Mkwezi hupanda kwa kuhisi. Naye aweza kusimama mahali ambapo kwenye ngazi pasingekuwapo kitu.

Na tarabu yataka asimame hapo. Waarabu wamezipanga sauti zao katika maqamu, na kila maqamu ina tabia yake, moja ya furaha, nyingine ya huzuni, nyingine ya utulivu. Katika maqamu ya Rasti, sauti ya tatu si ile ya juu ipatikanayo kwenye piano wala si ile ya chini yake, iko katikati. Katika Bayati, sauti ya pili ndiyo ikaayo hivyo. Mzee wa tarabu akiisikia imepandishwa au imeshushwa ifanane na piano hukunja uso kama mtu aliyetiliwa chumvi katika chai. Basi mwanafunzi akijifunza kwanza kwenye kinanda, na sikio lake likakaa huko, atakuwa amepoteza jambo ambalo ni vigumu kulirudisha.

Upande wa pili, mwanafunzi asiyejua kusoma muziki amefungiwa milango mingi. Hawezi kuandika wimbo wa mzee kabla mzee hajafa. Hawezi kukaa pamoja na wapigaji wa nchi nyingine wakapewa karatasi moja na kuanza. Hawezi kuwa mwalimu katika shule yoyote itakayo vyeti.

Waongozi hawakuchagua upande mmoja wakautupa mwingine. Elimu ya maqamu ilifundishwa, na elimu ya maandishi ya Kizungu ilifundishwa, na zile sauti za katikati zikaandikwa kwa alama zake zitumiwazo na Waarabu. Profesa Mitchel Strumpf, Mmarekani aliyefundisha elimu ya muziki miaka mingi katika vyuo vikuu vya Afrika, pamoja na Malawi na Dar es Salaam, alikuja kuongoza masomo chuoni na kusaidia kuyatia utaratibu yafikie kiwango cha cheti na stashahada. Ni vyema kufikiri jinsi meza ile ilivyokuwa: huku profesa aliyezoea mitihani ya chuo kikuu, huku fundi wa ganuni ambaye mtihani wake pekee ulikuwa ni masikio ya watu wa Mji Mkongwe. Hakuna kati yao aliyeweza kuifanya kazi ile peke yake.

Wala tarabu si muziki pekee wa Unguja. Kuna kidumbaki, chenye vingoma vyake viwili, fidla, cherewa, mkwasa, na lile sanduku la chai lililogeuzwa kuwa ala ya sauti nzito kwa kutiwa mti na kamba. Kuna beni. Kuna ngoma za mashamba na za Pemba. Wapo wenye kuzidharau ngoma hizo kuwa ni za watu wa chini, na ni heshima kwa chuo kwamba zilipewa nafasi karibu na udi na ganuni. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, aliijua tarabu na aliijua ngoma ya unyago pia, na kwake hazikuwa na ugomvi. Alipozikwa, watu wa Unguja waliona kwa macho yao maana ya kukosa mahali pa kuweka elimu ya mtu mmoja.

Mabinti na Wazazi Wao

Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, na jina lake likaenea Afrika ya Mashariki yote. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba mwanamke wa Unguja hajui kuimba. Lakini kuimba ni jambo moja, na kushika ala ni jambo jingine. Katika vyama vikubwa wanawake waliimba mbele, na nyuma yao wanaume ndio waliopiga.

Chuoni binti aliweza kukaa na udi mapajani mwake na kufundishwa kama kaka yake. Hapo mwongozi wa chuo hupata kazi isiyoandikwa katika mkataba wake. Hana budi kumfahamu baba wa binti. Baba hataki kusikia habari za maqamu. Ataka kujua binti yake atakuwa na nani chumbani, atatoka saa ngapi, kama atakuwa amefika nyumbani kabla ya magharibi, na kama kesho ataonekana hotelini akiwapigia walevi. Yupo baba mwenye shaka juu ya muziki wenyewe kwa ajili ya dini yake, na mtu huyo hashindwi kwa kubishana naye. Mwongozi akijibu kwa kiburi, amempoteza mwanafunzi. Akijibu kwa adabu, akamkaribisha mzazi aje akae darasani aone, mara nyingine hufaulu.

Matunda yameonekana. Amina Omar Juma, ajulikanaye kwa jina la Siti Amina, alipita chuoni hapo, akawa mwimbaji na mpiga udi, akaongoza kikundi chake pamoja na wenziwe waliosoma naye, na wakasafiri nchi za nje. Wasichana wadogo wamwonapo mwanamke amekamata udi mbele ya watu, swali la kama yawezekana halipo tena.

Hesabu ya Fedha

Sasa ni zamu ya jambo ambalo kila karani alikuwa akilingojea. Fedha hutoka wapi?

Matumizi ya chuo cha muziki huwashangaza wasioyajua. Walimu hulipwa. Nyumba hulipiwa. Ala zikaazo karibu na bahari huliwa na hewa ya chumvi: nyuzi hushika kutu, gundi huachia, mbao hupinda wakati wa masika. Nyuzi za udi na za ganuni haziuzwi katika duka la mtaani, huagizwa mbali. Fidla ikipasuka, fundi wa kuitengeneza ni mmoja mjini au hayupo kabisa. Mapato kwa upande wake ni madogo. Ada ilikuwa ni dola chache kwa mwezi, na hata hizo wanafunzi wengi hawakuzimudu, maana wengi ni watoto wa wavuvi, wachukuzi na wauza maandazi. Chuo kingeweza kuwafukuza wasiolipa. Lakini hapo kingebaki chuo cha wageni na cha matajiri wachache, na sababu ya kuanzishwa kwake ingekuwa imekufa.

Kwa hiyo pengo lilizibwa na wafadhili wa nchi za nje. Mfadhili ni kama mvua ya vuli: huja, hustawisha, hukoma, wala hakuna ajuaye kama mwaka ujao itanyesha. Hutoa ahadi ya miaka miwili au mitatu, hutaka taarifa nyingi, kisha hugeukia jambo jingine. Mwaka 2019 mambo yalifikia hatari. Misaada mikubwa ilikuwa imekwisha, na wakuu wa chuo wakatangaza hadharani kwamba mlango ungeweza kufungwa. Habari zile zilienea katika magazeti ya nchi nyingi. Ni jambo la aibu kwa kiongozi kusimama mbele ya watu na kusema, "Hatuna kitu." Wengi huficha mpaka siku ya kufungwa. Wale hawakuficha, na hilo lahesabiwa kwao kuwa ni uongozi mwema, maana msaada haumfikii mtu ambaye hakusema kwamba anazama.

Na kabla hawajapumua vyema, mwaka 2020 ukaleta ugonjwa wa korona. Mwezi wa Machi shule zikafungwa nchini, na watalii wakatoweka. Tamasha za jioni, ambazo zilikuwa zikileta shilingi mbili tatu kutoka kwa wageni, hazikuwa tena na wa kukaa vitini. Hata hivyo chuo hakikufa. Walimu walirudi, wanafunzi wakarudi, na masomo yakaendelea.

Watalii hao nao wana pande mbili. Kwa upande mmoja ndio mapato: mgeni hununua tikiti, huacha sadaka, na mwezi wa Februari huja kwa wingi katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, ambapo vijana wa chuo wamepata jukwaa. Kwa upande wa pili ni mtego. Kijana amesoma mwaka mmoja. Ajua nyimbo tatu nne zile ambazo kila mgeni huziomba. Hoteli ya ufukoni yamwambia njoo, tutakulipa kwa usiku mmoja kuliko baba yako apatavyo kwa juma. Aende, au abaki kujifunza Bayati? Mwalimu akimkataza, anamkatia riziki nyumba nzima. Akimwachia, miaka mitano baadaye kijana yule angali apiga zile zile nyimbo nne, na vibaya kidogo kuliko mwanzo. Walimu wengine hushika njia ya katikati: kijana aende hotelini usiku, lakini asubuhi awepo darasani, na akikosa mara tatu aulizwe. Ni lazima awepo wa kumwuliza. Mwongozi wa chuo si yule tu ambaye jina lake limeandikwa mlangoni. Ni pamoja na yule anayejua ni nani ambaye hakufika leo, na nyumbani kwao ni wapi.

Wanafunzi Wawapo Walimu

Kipimo cha shule yoyote kwamba imeshika mizizi ni pale mwanafunzi wake anapokuwa mwalimu wake. Hapo Unguja jambo hilo limetokea. Vijana walioingia bila kujua jina la uzi mmoja wamebaki kufundisha wadogo zao, na kazi za uongozi zilizoshikwa mwanzo na wageni zimekwenda zikihamia mikononi mwa wenyeji. Kazi haikuwa nyepesi zaidi kwa hilo. Mgeni akiomba fedha kwao husikilizwa upesi. Mwenyeji huandika barua ile ile mara tatu. Lakini mwenyeji, mkutano ukimalizika, hapandi ndege.

Walimu wa namna hii wana faida moja ambayo hata fundi mkubwa hana. Wanakumbuka walivyokosea. Fundi aliyejifunza udogoni hajui tena kwa nini jambo ni gumu. Kijana aliyefaulu mwaka juzi anajua kwamba mkono wa kushoto huchoka hapa, kwamba risha huteleza pale, kwamba sauti ya katikati husikika kuwa ni kosa kwa mwezi mzima kisha ghafla husikika kuwa ni tamu. Ajua tena kwamba mwanafunzi anayechelewa kila Alhamisi labda hachelewi kwa uvivu. Labda Alhamisi ndiyo siku ya mama yake ya kwenda sokoni, naye ndiye wa kubaki na wadogo.

Na vyama vya zamani havikufa kwa sababu ya chuo, kama wengine walivyohofu. Jioni mwalimu hufunga daftari la mahudhurio, huzihesabu ala na kuzifungia kabatini, kisha huchukua fidla yake mwenyewe na kwenda chamani kwake kwa mazoezi. Huko hakuna ubao hata leo. Nyuma yake, hatua chache, hufuata kijana mmoja wa darasa la asubuhi, amembebea kiti. Akifika hukaa nyuma ya wote, karibu na mlango, na husikiliza.